Kubuni buibui wa majini: anza na pumzi

Buibui wengi wa majini wanaobuniwa kwa ajili ya hadithi, katuni na michezo ya kompyuta ni buibui wa nchi kavu waliotoswa majini. Wana miguu minane, sumu kali na utando mpana uliotandwa kati ya mawe ya chini ya ziwa, lakini aliyewabuni hajajiuliza wanavuta hewa gani. Msomaji huenda hajui fizikia, ila anatambua haraka kiumbe anayefanya chochote bila kugharimika. Kwa hiyo mwongozo huu unashika jambo moja: amua kwanza kiumbe wako anapumuaje, kisha iache pumzi hiyo iamue ukubwa wake, nyumba yake, mlo wake na udhaifu wake.

Tutamjenga mmoja wa mfano. Jina lake ni buikuba, yaani buibui mwenye kuba, na makao yake ni ukingo wa mafunjo ya Ziwa Viktoria. Ni wa kubuni, lakini karibu kila kiungo chake kimeazimwa kwa mnyama aliyepo au aliyewahi kuwepo.

Chagua njia moja ya kupumua

Njia ya kwanza ni kubeba hewa. Yupo buibui wa Ulaya na Asia, Argyroneta aquatica, ambaye ndiye pekee anayejulikana kuishi karibu maisha yake yote chini ya maji. Mwili wake una milimita 8 hadi 15 tu. Hufuma hema la hariri lenye umbo la kuba kati ya majani ya mimea ya majini, akalijaza hewa aliyoiteka juu kiputo kwa kiputo. Hema hilo si ghala tupu la hewa. Oksijeni ikipungua ndani, ile iliyoyeyuka kwenye maji hupenya na kuingia, na hewa ya ukaa hutoka nje. Mwaka 2011 Roger Seymour na Stefan Hetz walionyesha kwa vipimo kwamba buibui huyu akitulia anaweza kupitisha zaidi ya siku nzima bila kupanda juu. Kinachomlazimisha apande ni naitrojeni: huvujia majini polepole, kuba ikasinyaa, na eneo la kuingizia oksijeni likapungua pamoja nayo.

Njia ya pili ni matamvua. Limulus wa pwani ya mashariki ya Marekani watu humwita kaa, lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na buibui na nge. Matamvua yake yamepangwa kama kurasa za kitabu, na mapafu ya buibui wa kawaida yana mpango uleule wa kurasa. Ukiichagua njia hii, maana yake mababu wa kiumbe wako hawakuhama maji kamwe. Hana haja ya kupanda juu, lakini akitoka nje matamvua hukauka na kugandamana, kwa hiyo hawezi kumfukuza mtu hadi kijijini.

Njia ya tatu ni kupumua kwa ngozi. Hiyo ni ya wale wanaoitwa buibui wa bahari, ambao si buibui halisi. Hawana pafu wala tamvua. Oksijeni hupenya moja kwa moja kwenye miili yao myembamba. Wakubwa wao, wanaofikisha sentimeta 70 kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu, wako Antaktika, na maji baridi ndiyo yanayobeba oksijeni nyingi. Katika ziwa la joto njia hii ni ya viumbe wadogo tu.

Usichanganye. Kiumbe mwenye matamvua na bado ana kuba ya hewa amepewa majibu mawili kwa swali moja, na kila sehemu ya maisha yake itakosa sababu. Buikuba anabeba hewa.

Pima maji kabla ya kumweka mtu ndani

Lita moja ya hewa ina takribani miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji ya ziwa yenye joto la nyuzi 25, hata yakikorogwa vizuri na mawimbi, hubeba kama miligramu 8. Hiyo ndiyo tofauti kiumbe wako anayoishi nayo kila siku.

Ndani ya mafunjo hali ni ngumu zaidi. Majani yanaoza, jua halifiki, upepo haukorogi maji, na oksijeni hushuka sana. Kamongo anamudu humo kwa sababu anapiga mafunda ya hewa juu ya maji. Sangara huyaepuka maji ya namna hiyo, na ndiyo maana samaki wadogo hujificha humo.

Sasa tazama linalompata buikuba. Kuba yake ikiwa kwenye maji yasiyo na oksijeni, mtiririko hugeuka: oksijeni hutoka ndani ya kuba kwenda majini. Nyumba inamnyonya mwenyewe. Akihamia maji ya wazi, kuba inampa oksijeni, lakini sangara yuko pale pale. Basi mahali pake ni mpakani, mita moja au mbili kutoka maji ya wazi, ambapo mawimbi bado yanafika na mashina ya mafunjo yanamziba. Uamuzi huo mmoja unakupa ramani ya kijiji chao: mstari mwembamba unaofuata ukingo wa mafunjo, na ugomvi wa nafasi kati ya jirani na jirani.

Anayetaka bahari badala ya ziwa asiende mbali. Buibui wa jenasi Desis wanaishi kwenye miamba ya mwambao, na mmojawao, Desis crosslandi, amerekodiwa Zanzibar. Hawa huziba matundu ya mwamba kwa hariri maji yakijaa, hukaa na hewa yao ndani, kisha hutoka kuwinda maji yakipwa. Hapo kalenda yote ya kiumbe wako ni bamvua na maji mafu, na itakubidi uijue kama mvuvi anavyoijua.

Piga hesabu ya kuba

Vipimo vya buikuba ni hivi: mwili sentimeta 7, miguu ikinyooshwa sentimeta 16, uzito gramu 40, yaani kama buibui mkubwa mwenye manyoya wa nchi za joto. Akitulia tumempa matumizi ya mililita 0.03 za oksijeni kwa kila gramu kwa saa. Zidisha kwa 40, unapata mililita 1.2 kwa saa.

Kuba yake ina nusu lita, sawa na chupa ndogo ya maji ya dukani. Asilimia 21 ya hewa ni oksijeni, kwa hiyo ndani mna mililita 105. Usimruhusu aimalize yote. Nusu yake ikiisha tayari anahema. Mililita 52 ukizigawanya kwa 1.2 unapata kama saa 43 za utulivu, hata kabla ya kuhesabu kile kinachoingia kutoka majini. Akiwa anapigana au anafuma, mpe matumizi mara kumi, na akiba ileile itaisha kwa saa nne na kidogo. Mchezo wa kompyuta unaweza kuitumia namba hii kama ilivyo: kila pambano linakula muda wa nyumba.

Hewa huinua. Mililita moja ya hewa chini ya maji inasukuma juu kwa nguvu ya karibu gramu moja. Kuba ya nusu lita inavuta juu kama mzigo wa nusu kilo, zaidi ya mara kumi na mbili ya uzito wa mwenyewe. Hema lililochorwa likielea peke yake katikati ya maji, bila kamba, ni kosa ambalo jicho la mvuvi litaliona mara moja, kwa sababu anajua boya linavyovuta. Mfungie nyuzi nene kati ya 20 na 30 zinazoshuka na kushika mashina ya mafunjo kutoka pande zote, nyingi zikiwa chini ya kuba, maana nguvu inaelekea juu.

Shinikizo nalo lina neno. Kwa kila mita 10 za kina huongezeka shinikizo sawa na lile la hewa ya juu. Kiputo cha mililita 10 kikiteremshwa hadi mita 2 kinabaki mililita 8.3, kwenye mita 30 kinabaki 2.5. Kujaza kuba kwenye mita 2 kunahitaji safari 60, na kila moja ikichukua dakika tatu, kazi ni ya saa tatu. Kwenye mita 30 zingekuwa safari 200, tena ndefu, na naitrojeni ingevuja haraka zaidi kwa sababu shinikizo linaisukuma itoke. Buibui wa kuba anayeishi vilindini, ambaye wabunifu wanampenda sana, hawezi kulipa kodi ya nyumba yake.

Namna anavyoteka hewa

Tendo hili lichore au liandike kwa utulivu, kwa sababu ndilo linalomtofautisha na kiumbe mwingine yeyote. Anapanda taratibu akishika uzi wake, kichwa kikiwa chini. Ncha ya tumbo inatoboa uso wa maji na kubaki nje kwa nukta moja au mbili. Vinyweleo vya tumbo ni vifupi, vimesongamana, na havishiki maji. Hewa inajipenyeza katikati yake. Kisha miguu miwili ya nyuma inavuka na kupishana juu ya tumbo kama mikono inayokumbatia mtungi, na anajivuta chini kwa mshtuko mmoja. Uso wa maji unabonyea, unafunga, na kiputo kinabaki kimebanwa kati ya tumbo na miguu. Chini ya maji hewa hiyo inang'aa kama fedha iliyosuguliwa. Jina Argyroneta limetokana na neno la Kigiriki la fedha kwa sababu hiyohiyo.

Kushuka ndiko kugumu. Mwili wa gramu 40 ukiwa majini unabaki na uzito wa gramu chache tu, huku kiputo kikiuvuta juu kwa gramu 10. Hawezi kuzama kwa kujiachia. Anashuka kwa kuvuta kamba aliyoifunga mapema, mkono kwa mkono. Adui akiikata kamba hiyo, buikuba mwenye kiputo anaibuka juu kama kizibo, mgongo chini, miguu ikitapatapa mbele ya mdiria. Ili kuokoka lazima aachie hewa yake. Kwa sababu ya mdiria na ndege wenzake, safari nyingi mpangie usiku.

Ukubwa: hapa ndipo wengi wanapoharibu

Ukiongeza urefu mara mbili, eneo la nje linaongezeka mara nne na ujazo mara nane. Tuseme unataka buikuba wa kutisha, urefu mara 12, mwili sentimeta 84. Uzito unazidishwa kwa 1,728 na kufika karibu kilo 69. Kuba ikikua kwa kiwango hichohicho inakuwa na lita 864, zaidi ya mapipa manne ya lita 200, ikivuta juu kwa nguvu ya kilo 860 na zaidi. Lakini ngozi ya kuba inayoingiza oksijeni imeongezeka mara 144 tu. Hata tukikiri kwamba mnyama mkubwa hutumia oksijeni kidogo zaidi kwa kila gramu, kuba haitoshi, na hakuna funjo litakaloishikilia.

Ukilihitaji jitu, badilisha njia ya kupumua. Maji yanabeba uzito wa mwili, na wenye matamvua wameshawahi kuwa wakubwa kweli. Jaekelopterus rhenaniae, jamaa wa mbali wa buibui aliyeishi karibu miaka milioni 390 iliyopita, anakadiriwa kufikia mita 2.5 kutokana na koleo moja la sentimeta 46 lililopatikana Ujerumani. Na kuna Megarachne wa Argentina, ambaye mwaka 1980 alitangazwa kuwa buibui mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi. Mwaka 2005 mabaki yake yalichunguzwa upya, ikaonekana ni wa ukoo uleule wa Jaekelopterus, mnyama wa majini. Mbunifu anayetafuta babu wa kiumbe wake hatapata aliye bora kuliko huyo.

Uzi na utando

Gundi ya utando wa kunasia nzi hulowana na kupoteza nguvu majini, na uzi wa kuning'inia wa buibui wengi ukiloweshwa hujikunja hadi kufikia nusu ya urefu wake. Kwa hiyo usimpe buikuba utando wa duara wa kunasia samaki. Hautanasa kitu, na mkondo utaukunja.

Mpe aina tatu za uzi. Wa kwanza ni mnene, wa kamba za kushikilia kuba na za kupandia. Wa pili ni laini sana, wa kufumia paa la kuba. Hufumwa kwanza kama shuka bapa kati ya mashina, kisha hewa inayoingia chini yake ndiyo inayoliinua liwe kuba. Wa tatu ni mwembamba, unatoka kwenye kuba na kusambaa pande zote kama nyuzi za kengele. Samaki akigusa mmoja, aliyemo ndani anajua upande na hata umbali. Macho manane yapo, lakini kwenye maji yenye tope hayana kazi kubwa. Miguu ndiyo inayosikia.

Akitoka juu anaweza pia kuwinda kama buibui wa jenasi Nilus, ambao wako Afrika: miguu ya nyuma imeshika jani, ya mbele imewekwa juu ya uso wa maji, ikipokea vijiwimbi.

Mlo

Buibui hatafuni na kumeza. Humwaga majimaji ya kuyeyusha juu ya windo, kisha hufyonza rojo. Chini ya maji majimaji hayo yangechukuliwa na maji papo hapo, na ndiyo maana Argyroneta hubeba windo hadi ndani ya kuba ndipo ale. Buikuba naye hivyohivyo. Tukio la kumla mtu mzima katikati ya ziwa halina namna ya kutokea.

Kwa mwili wa sentimeta 7 windo lake ni viluwiluwi, mabuu ya kereng'ende, furu na samaki wengine wadogo. Buibui wanaovua samaki kwa kawaida hukamata wa sentimeta 2 hadi 6, nao mara nyingi humzidi urefu yule aliyewakamata. Sumu inaingizwa nyuma ya kichwa, windo linavutwa kwa kamba hadi mlangoni, na kula kunachukua saa kadhaa. Mifupa na magamba lazima yatupwe mbali. Yakiachwa chini ya kuba yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni ileile anayoitegemea. Rundo la mabaki lililo karibu na kuba ni ishara kwamba mwenyewe ni mgonjwa au ameshaondoka, na hilo mwandishi anaweza kulitumia bila kueleza neno.

Udhaifu wa kweli

Acha moto na miujiza. Adui mkubwa wa buikuba ni sabuni. Vinyweleo vyake vinafukuza maji kwa sababu ya namna maji yanavyojishikilia yenyewe, na sabuni huvunja mshikamano huo. Povu la nguo zinazofuliwa ufukweni likielea hadi kwenye mafunjo, vinyweleo vinalowana, kiputo kinateleza na kutoka, na anazama akiwa na kuba yenye hewa tele mita moja tu kutoka alipo. Mafuta ya injini ya boti hufanya vivyo hivyo, tena hukaa muda mrefu zaidi.

Udhaifu wa pili uko miguuni. Buibui hunyoosha baadhi ya viungo vya miguu kwa shinikizo la damu, hana misuli ya kuvinyoosha. Mguu ukitobolewa damu inavuja, shinikizo linashuka, na miguu yote inaanza kujikunja. Ndiyo sababu buibui mfu amejikunja. Anachoweza kufanya ni kuukata mguu kwenye kiungo na kuziba, kisha kuuotesha upya anapojivua gamba. Damu yake usiipake rangi nyekundu. Ina shaba badala ya chuma, na ikibeba oksijeni huwa ya samawati.

Udhaifu wa tatu ni siku ya kujivua gamba. Anafunga mlango wa kuba kwa uzi, ananing'inia ndani, na kwa saa nyingi mwili wote ni laini, hawezi kuogelea wala kung'ata. Kabla ya siku hiyo lazima kuba iwe imejaa hadi ukingoni. Aliyekatizwa kazi ya kujaza hewa jana yake ataishiwa pumzi akiwa nusu ndani ya gamba la zamani.

Dume, jike na watoto

Kwa buibui wengi jike humzidi dume. Kwa Argyroneta dume mara nyingi ndiye mkubwa, kwa kuwa ndiye anayezunguka zaidi majini huku jike akishinda kwenye kuba. Mwachie buikuba tabia hiyo. Dume hujenga kuba ndogo ubavuni mwa ile ya jike, hufuma njia kati yake, kisha hutoboa ukuta. Jike akiwa hajaridhia, atauziba upande wake, na dume atalazimika kuondoka kabla hewa yake chache haijaisha.

Mayai huwekwa kwenye sehemu ya juu ya kuba, ambako hewa haikosekani, yakitengwa na shuka la hariri. Mpe jike mayai 50. Msimu huo safari zake za hewa ziongeze kwa theluthi, kwa kuwa mayai nayo yanapumua na hawezi kuacha kuba isinyae hata kidogo. Sakafu ya maji ikipanda, yatalowa.

Watoto wa Argyroneta mara nyingi huanza maisha ndani ya makombe matupu ya konokono wa majini, na wa buikuba tumewapa desturi hiyo. Kila mmoja hutafuta kombe, huligeuza mdomo uelekee chini, hulifunga kwa nyuzi tatu au nne, kisha hulijaza kwa viputo visivyozidi punje ya ulezi. Kombe la mililita 2 linamtosha hadi ajivue gamba mara ya pili. Unapolichora, angalia mdomo wake: ukielekea juu au ubavuni, hewa yote imeshatoka na mtoto hayumo.